Okidi za Kabati la Vyombo

Kabati lile lilikuwa zawadi ya harusi. Mama yake mwokaji alilinunua ili mkwe wake apange vyombo vya wageni, na kwa miaka mingi vyombo vilikaa humo nyuma ya vioo, vikitolewa kufutwa vumbi na kurudishwa bila mgeni hata mmoja kuvilia. Siku hizi vyombo vilikuwa ndani ya boksi chini ya kitanda. Kabati lilihamishiwa chumbani, kwenye soketi pekee ya nyumba ile isiyokuwa na kazi nyingine, na ndani yake mke wa mwokaji alikuwa anafuga mimea ya maua iitwayo okidi.

Neno kufuga ndilo alilolitumia mwenyewe, na watu walimcheka. Majirani walimwita Mama Pacha kwa ajili ya watoto wake wawili waliozaliwa siku moja, ambao sasa walikuwa shule ya bweni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono isiyotulia, na hakuna aliyewahi kumwona akitupa waya.

Kabati alilitengeneza peke yake. Kuta za ndani alizibandika karatasi ya kung'aa, ile ya kufungia chakula, na kingo za milango akaziziba kwa mpira wa madirisha ya gari. Chini aliweka waya wa joto alioutoa kwenye mashine mbovu ya kutotolesha vifaranga. Juu alifunga feni ndogo ya kompyuta iliyokufa, na pembeni akaweka beseni la maji lenye kifaa cha kutoa ukungu. Katikati ya mimea kilining'inia kipimajoto kidogo, si kikubwa kuliko punje ya harage. Joto liliposhuka chini ya nyuzi ishirini na nane, swichi iliyokuwa kwenye kijisanduku juu ya kabati ilijiwasha yenyewe, tak, na waya ukaanza kupata moto. Joto likirudi, tak, ikajizima. Unyevu nao ulikuwa na swichi yake. Hayo yote yakishindikana, kulikuwa na king'ora cha kuamsha mtaa mzima, ingawa nacho kilitumia umeme wa soketi ileile, maana betri bado hakuwa na pesa ya kuinunua. Taa peke yake ndizo alizoziwasha na kuzizima kwa mkono.

Ufundi huo aliutoa kwenye kiwanda cha vifaranga, ambako sheria kubwa kuliko zote ilibandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: JOTO LISISHUKE. Alifanya kazi pale mpaka usiku mmoja joto la mashine moja liliposhuka, na mayai yaliyokuwa karibu kuanguliwa yakapoa yote. King'ora hakuna aliyekisikia. Asubuhi swichi ya ukutani ilikutwa imewashwa kama kawaida. Mama Pacha alisema kuna mtu alizima, na kwa kuwa king'ora kilitumia umeme uleule nacho kikafa, kisha mtu huyo akawasha tena kabla hakujakucha. Mlinzi aliapa kwamba hakugusa kitu. Mfagiaji naye aliapa. Msimamizi aliwasikiliza wote kwa utaratibu, halafu akaandika kwamba mfanyakazi wa zamu alilala kazini.

Tangu siku hiyo Mama Pacha alitaka kitu kimoja tu, naye hakukificha: atokee mtu aseme kwamba yeye hakulala. Kwa kuwa mtu huyo hakutokea, alitengeneza kabati.

*

Mimea ililetwa na wifi yake, dada wa mwokaji, ambaye alifanya kazi kwa Bibi Mapambo, mwenye duka la maua ya maharusi. Bibi Mapambo alinunua okidi zikiwa zimechanua, akazikodisha kwa sherehe, na maua yakidondoka akaagiza zitupwe, vyungu na vyote. Wifi alileta chungu cha kwanza kwa mzaha. Alipoona kinapokewa kama mgonjwa aliyetoka hospitali, akaendelea kuleta.

Wagonjwa hao wote walipona. Walitoa majani mapana, mazito, yenye afya ya kutia wivu, na mizizi iliyotambaa mpaka nje ya vyungu. Ua hawakutoa hata moja.

"Wifi, kabichi zako hazijambo?" dada wa mwokaji aliuliza kila alipoingia.

"Hazijambo."

"Hazijafunga tu?"

"Zitafunga. Wewe leta maneno yako, mimi nina subira yangu."

"Subira nzuri, lakini haivalishwi bibi harusi."

Mama Pacha alicheka pamoja naye, maana hakuwa mtu wa kununa. Wageni walipoondoka alikwenda kufungua milango ya vioo na kusimama mbele ya majani yale kwa muda mrefu. Hapo hakucheka.

Kikonyo cha kwanza alikiona asubuhi moja ya baridi wakati akimwagilia. Alidhani ni mzizi. Kisha aliona ncha yake haikuwa ya mviringo kama ya mzizi. Ilikuwa imegawanyika kidogo, mfano wa glavu ya mtoto mchanga. Alichukua tochi akakagua vyungu vingine, akakuta kingine, na kingine, karibu kila chungu. Alikaa kitandani huku ameshika tochi iliyowaka mchana kweupe. Alikuwa na furaha iliyomtia woga.

Hakumwambia mtu mpaka vikonyo viliporefuka na kubeba matumba. Wifi alipoletwa mbele ya kabati safari hiyo, utani wote ulimwishia mdomoni.

"Haya ni maua," alisema.

"Nilidhani ni kabichi."

"Wifi, acha. Haya ni maua kweli. Bibi Mapambo lazima ayaone." Aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu. "Unajua ana kile chumba cha nyuma dukani? Kila siku analia, anasema angepata mtu wa kumtengenezea chumba cha kuyarudishia maua, asingekuwa anayanunua upya kila harusi. Amewaita mafundi wa viyoyozi, wakaja na suti, wakamtajia bei akataka kuzimia. Hii kazi ni yako."

"Atanipa mimi? Mtu aliyefukuzwa?"

"Yeye anataka maua. Habari za mayai atazijulia wapi?"

Ikakubaliwa kwamba Bibi Mapambo angekuja Jumamosi. Akiridhika, Mama Pacha angepewa chumba kizima akitengeneze, na baadaye mshahara wa kukitunza.

*

Mwokaji alikuwa na siri, ila ilikuwa ndogo kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuiita siri.

Msimu wa joto kabati lilikaa kimya, kwa sababu chumba chenyewe kiliiva chini ya mabati na waya haukuwa na kazi. Baridi ilipoingia, swichi ilianza kugonga usiku kucha. Tak. Kimya kidogo, mtu anaanza kuzama, tak. Mwaka uliotangulia alivumilia. Mwaka huu kiwandani walimhamishia zamu ya kukanda unga, inayoanza kabla jogoo hajafikiria kuwika, na usingizi ukawa mali. Mkewe alikuwa hana tatizo. Mama Pacha alipogusa mto alilala fofofo, na hakuna kishindo cha dunia hii kilichoweza kumrudisha kabla ya wakati wake. Mwokaji alibaki macho, akisikiliza.

Usiku mmoja alinyoosha mkono akazima soketi. Kimya kilichofuata kilikuwa kitamu kuliko chakula. Alipoamka kwenda kazini aliwasha, na mpaka mkewe anaamka kabati lilikuwa limeshapata joto lake, namba kwenye kijisanduku zikisoma kama zilivyotakiwa kusoma. Usiku wa pili akafanya vilevile. Baada ya muda likawa jambo la kawaida tu, sawa na kuvua viatu kabla ya kupanda kitandani.

Angeweza kumwambia. Lakini tangu alipofukuzwa kazi, mwanamke yule alikuwa hazungumziki kwenye mambo mawili, joto na usingizi, na mwokaji alikuwa mtu wa kukwepa zogo. Isitoshe mimea haikufa. Aliitazama mara mbili tatu kwa wasiwasi, akaona inazidi kunawiri, akatulia.

Sasa maua yalikuwa yametoka, na mkewe hakuacha kuyazungumzia.

"Unajua yamekubali kwa nini?" alimuuliza wakiwa mezani.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu halijashuka. Hata siku moja. Mvua, baridi, namba ni ileile. Mmea ukijua joto lipo, unatulia. Kifaranga ni hivyohivyo." Alisukuma sahani pembeni apate nafasi ya mikono. "Ningependa yule msimamizi aje asimame pale mlangoni, aone. Nisingemwambia neno. Ningemwonyesha namba tu."

Mwokaji alikunywa chai, ikampalia.

"Pole, Baba Pacha. Mbona unakunywa kwa pupa?"

"Ya moto," alisema, ingawa ilikuwa imeshapoa.

Alijisikia vibaya, lakini si sana. Yeye alijua mikate, na kwenye mikate hakuna aliyeuliza usiku kulikuwa na nini ikiwa asubuhi umeumuka vizuri. Aliamua kumwambia baada ya Jumamosi, kazi ikishapatikana, siku watakayokuwa wanacheka.

*

Ijumaa nyumba iligeuzwa juu chini. Ubaya wa jambo lile ulikuwa kwamba kabati lipo chumbani, na mgeni wa heshima angelazimika kupita kando ya kitanda cha watu. Mama Pacha alitandika shuka jipya, akaficha nguo za kazi za mumewe nyuma ya mlango, akazitoa tena kwa sababu mlango ukawa haufunguki. Aliazima kiti kizuri kwa jirani. Vyombo vya wageni vilitolewa kwenye boksi, na baada ya miaka yote ile hatimaye mgeni angevinywea.

Bibi Mapambo alikuja na wifi mchana wa Jumamosi. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye manukato yaliyotangulia kuingia, na viatu ambavyo havikuzoea sakafu ya saruji iliyopasuka. Hakukaa kwenye kiti cha kuazima. "Nionyeshe kwanza," alisema, "chai tutakunywa baadaye." Ikabidi apite kiupandeupande kati ya kitanda na ukuta, ameshikilia mkoba wake juu ya tumbo. Mama Pacha alitazama pembeni ili asimwone akipita hivyo.

Mbele ya kabati alisimama.

"Oho," alisema.

Matumba ya kwanza yalikuwa yamefunguka. Yalikuwa meupe, mengine ya zambarau hafifu, yamejipanga kwenye vikonyo vilivyoinama kwa uzito. Chini yao ukungu ulitoka taratibu, ukazunguka kidogo, ukanywewa na feni. Bibi Mapambo alifungua mlango mmoja akaingiza mkono. Aliguna kwa kuridhika.

"Nani amefunga hizi nyaya?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Na hiki kinachoning'inia?"

Mama Pacha alieleza. Alieleza waya, ukungu, swichi na king'ora, na kadiri alivyoeleza mikono yake ilitulia na sauti yake ikanyooka. Wifi alisimama kando ya kitanda akitabasamu kama aliyezaa. Mwokaji alikuwa jikoni anapanga vikombe kwenye sinia.

"Vizuri sana," alisema Bibi Mapambo. "Vizuri sana. Mchana unaliweka nyuzi ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Na usiku?"

"Ishirini na nane."

Bibi Mapambo aligeuza shingo. "Usiku huliteremshi?"

"Halishuki, mama. Hiyo ndiyo kazi yake. Halijashuka hata siku moja tangu niliwashe."

Mgeni alifunga mlango wa kabati. Hakuubamiza, aliufunga tu, na akaufuta mkono wake kwa leso.

"Mimi si mkulima," alisema, "lakini maua haya nayanunua kwa watu wanaoyakuza, na jambo moja wameniimbia mpaka nimelikariri, maana ndilo wanalonitoza. Okidi hizi bila usiku wa baridi hazitoi ua. Tena si usiku mmoja, ni wiki na wiki. Ukiziweka kwenye joto moja mwaka mzima unapata majani."

"Hizi zimetoa."

"Naziona. Ndiyo maana nauliza." Aliangalia vyungu kimoja baada ya kingine. "Hizi siyo nilizotupa mimi."

"Ni zenyewe, bosi," wifi aliingilia. "Nilizibeba mwenyewe kwenye mfuko."

"Wewe ulibeba vyungu. Kilichofuata baada ya hapo hukukiona, unaishi kwako." Aligeuka kwa Mama Pacha, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililozidisha uchungu. "Mwanangu, sikulaumu. Shida ni shida. Umetafuta mahali ukanunua zilizokwisha kutoa vikonyo, ukazipanga humu ili nishawishike. Nimefanyiwa makubwa kuliko hayo. Lakini usinidanganye nikiwa nakutazama usoni."

"Sijakudanganya."

"Basi mashine yako haifanyi unachosema inafanya."

"Inafanya. Nalala hapa hapa. Likishuka king'ora kinalia."

"Unalala," alisema Bibi Mapambo, bila nia mbaya yoyote.

Mama Pacha aliijua sauti ile. Aliwahi kuisikia ofisini kwa msimamizi, upole uleule, mtu aliyekwisha kukata shauri akisubiri tu umalize kusema. Alifungua mdomo akarudia kwamba joto halijashuka, lakini safari hii maneno yalitoka chinichini, na yeye mwenyewe aliona jinsi yalivyofanana na uongo.

Mwokaji alikuwa amefika mlangoni na sinia. Alisikia kuanzia kwenye "umetafuta mahali ukanunua." Alisimama pale na chai ya watu wanne mikononi. Kwa muda aliomba kimoyomoyo mtu mwingine aseme kitu, ila hapakuwa na mwingine mwenye la kusema.

"Linashuka," alisema.

Wote wakageuka.

"Linashuka," alirudia. "Nalizima mimi."

"Unazima nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Kabati. Pale kwenye soketi. Linagonga, Mama Pacha, tak tak usiku kucha, na mimi naamka kukanda unga. Ukishalala nazima. Nikienda kazini nawasha."

"Tangu lini?" Aliyeuliza alikuwa Bibi Mapambo.

"Tangu baridi ianze. Kila siku. Angenunua maua wapi? Pesa za kununua maua zingetoka wapi humu ndani?"

Bibi Mapambo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani, kwenye shuka jipya, na kitanda kikalalamika. "Jamani! Miezi yote hiyo! Watu wananitoza pesa nyingi kwa ajili ya baridi, kumbe ni mwanaume anatafuta usingizi!" Wifi naye aliangua kicheko, akamtazama Mama Pacha, akakiacha njiani. "Sasa nieleze," Bibi Mapambo aliendelea akijifuta macho, "fundi wa nyumba hii ni nani? Nimwajiri mke au mume?"

Mama Pacha alikuwa ameegemea kabati. Alipojibu alimjibu mgeni, mumewe hakumtazama.

"Fundi ni mimi. Nilikosea. Nililipanga kama la vifaranga, na mmea si kifaranga. Nitaweka saa ndani yake, usiku literemke lenyewe na alfajiri lipande."

"Bila kumsumbua baba?"

"Bila kumsumbua."

"Basi Jumatano njoo upime chumba changu," alisema Bibi Mapambo, akanyoosha mkono kuchukua kikombe kutoka kwenye sinia. "Nimependa mtu anayesema nilikosea. Wale wa suti hawalijui hilo neno."

*

Wageni walipoondoka, wifi alimkumbatia Mama Pacha mlangoni na kumnong'oneza hongera. Mwokaji alirudisha kiti kwa jirani, akachelewa huko makusudi. Aliporudi alimkuta mkewe jikoni anaosha vyombo vya wageni, kimoja kimoja.

"Kazi umepata," alisema.

"Nimepata."

"Hata sijui umefurahi au hujafurahi."

"Nimefurahi." Alisuuza sahani akaiegemeza ukutani. "Nieleze kitu. Ukizima, king'ora kilikuwa kinafanya nini?"

"Kilikuwa hakifanyi kitu."

"Hakikuwahi kulia? Chumba kina baridi, kabati limepoa, na hakikulia hata usiku mmoja?"

"Kitalia vipi? Ukizima pale umeme wote unakatika. Nacho kinakufa. Halafu asubuhi ukiwasha, kinasubiri kwanza joto lirudi, namba zinapanda taratibu, mtu akija anakuta kila kitu..."

Hakumaliza. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, na akayatambua. Aliyasikia kwa mara ya kwanza jikoni hapohapo, yakisemwa na mwanamke aliyekuwa bado amevaa koti la kazi, macho yamemvimba, akiyarudia tena na tena huku yeye akimpigapiga bega na kumwambia yaishe, Mungu atatoa kazi nyingine.

Mama Pacha alifunga bomba.

"Siku ile nilipokuja nikakwambia kuna mtu amezima. Uliniamini?"

Mwokaji alitazama dirisha, akatazama vyombo.

"Nilikuwa najua unavyolala," alisema.

Hakukusudia ubaya. Ulikuwa ni ukweli mtupu, wa mtu aliyelala kitanda kimoja na mwenzake miaka mingi, na ndiyo maana ulimchoma Mama Pacha kuliko karatasi ya msimamizi. Msimamizi hakumjua. Huyu alimjua, na alichokijua ndicho alichokitumia kumhukumu, kimyakimya, huku akimpa pole kila siku.

"Nyumbani nalala," alisema. "Nalala kwa sababu wewe upo. Kule hapakuwa na mtu wa kunilindia."

"Mama Pacha, nisamehe."

"Ulizima miezi mingapi, na hukuwa na nia mbaya. Nimekaa nafikiria kwamba huenda na yule wa kiwandani hakuwa na nia mbaya. Labda alitaka kulala tu. Lakini yeye silali naye kitanda kimoja." Alichukua kitambaa akaanza kukausha. "Jumatatu omba ruhusa kazini."

"Twende wapi?"

"Unajua pa kwenda."

"Kazi si umepata? Wale utawataka nini tena? Hawatakurudisha, na hata wakikurudisha hutakwenda."

"Sitaki kitu chao," alisema Mama Pacha. "Nataka ukaseme wewe."

*

Kwenye lango la kiwanda cha vifaranga kila anayeingia hukanyaga kwanza beseni la dawa, ili asiingize magonjwa. Mwokaji alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Alisita. Mlinzi alimwonyesha beseni kwa kidole, na mwokaji akatumbukiza mguu mmoja, kisha wa pili, dawa ikamwingia mpaka kwenye soksi. Mama Pacha alikanyaga bila kutazama, kama mtu anayeingia kwake.

Msimamizi aliwapokea vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Aliwatafutia viti, akauliza habari za mapacha, akaangalia saa kwa namna ya mtu asiyetaka ionekane.

"Niwasaidie nini?"

Alikunja mikono mapajani akamwachia mumewe. Njia nzima mwokaji alikuwa amejipanga: ataanza na kabati, aeleze soketi, aeleze king'ora kinavyokufa na umeme, amalizie na maua. Sasa alipokaa mbele ya meza ile, huku viatu vikichuruzika dawa, aliona yote hayo yanathibitisha tu kwamba yeye alizima kabati nyumbani kwake.

"Nimekuja kwa habari ya mke wangu," alisema. "Ile ya mayai."

Msimamizi alivuta pumzi. "Mzee, jambo lile lilikwisha siku nyingi."

"Najua. Sikuja kuomba kazi wala fidia. Nimekuja kusema kwamba hakulala."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Kuna mtu aliyekuwepo amekwambia? Mlinzi? Mfagiaji?"

"Hapana."

"Amejitokeza shahidi yeyote?"

"Hakuna."

Msimamizi alifungua viganja juu ya meza. Alikuwa mpole, na upole wake haukuwa na haraka. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, wafanyakazi wawili waliobeba trei za mayai walikuwa wamepunguza mwendo wasikilize.

"Sasa, mzee wangu," alisema, "umejuaje?"

Mwokaji alimtazama mkewe, kisha akamtazama msimamizi.

"Aliniambia," alisema. "Siku ile ile aliporudi, aliniambia."